Spea Mpya kwa Gari la Zamani

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima. Kila mwanafunzi asome kwanza peke yake, kimya kimya. Kisha darasa lisome pamoja kwa sauti.



Leo tutazungumza juu ya magari ya zamani, na juu ya vipande vipya tunavyonunua ili kuyatengeneza. Katika vitabu vipande hivi huitwa vipuri. Dukani na gereji huitwa spea. Mimi nitasema spea, kwa sababu ndilo neno mtakalolitumia mkienda kununua.

Labda mmoja wenu anasema moyoni, "Mimi sina gari. Somo hili lanihusu nini?" Linakuhusu, ndugu yangu. Ukipanda lori kwenda mnadani, roho yako imo katika spea za lori lile. Na kama una baiskeli, au cherehani, au mashine ya kusaga, maneno ya leo yatakufaa vilevile.

Nitaanza na jambo lililotokea katika ukoo wetu.

Mjomba wangu ana Land Rover ya mwaka 1974. Anaishi milimani, upande wa Lushoto, na kwa gari hilo amesomesha watoto wake wote. Hubeba kabichi, viazi na matunda, akashuka nayo mpaka Mombo, penye barabara kuu. Ninyi mnaoijua njia ile mnajua ilivyo. Upande mmoja ni ukuta wa mlima, upande wa pili ni bonde, na kona hufuata kona mpaka chini.

Siku moja breki zilianza kuvuja mafuta. Fundi akafungua magurudumu, akasema raba zilizomo ndani ya silinda za breki zimechakaa. Siku hiyo mimi nilikuwa mjini kwa kazi. Mjomba akanipigia simu akaniomba nimnunulie raba mpya. Nikaingia katika duka moja. Mwuzaji akaweka pakiti mbili juu ya meza. Ya kwanza bei yake ilikuwa shilingi 25,000. Ya pili ilikuwa shilingi 6,000, na juu yake palikuwa na picha nzuri ya gari, tena ya rangi. Nikachukua ya pili. Nilitoka dukani nikijiona mjanja.

Wiki tatu baadaye mjomba alikuwa akishuka na mzigo. Alipokwisha kupita Soni alikanyaga breki, na pedali ikazama mpaka chini kama mguu unavyozama katika tope. Akakanyaga tena. Hakuna kitu. Bahati njema alikuwa katika gia ya pili. Tena, katika Land Rover ya namna ile, breki ya mkono haitumii mafuta, wala haikamati magurudumu. Hukamata shafti inayotoka katika gia boksi. Mjomba akaivuta kwa nguvu zake zote, akaliegemeza gari upande wa mlima. Likakwaruza mwamba, likasimama. Juu ya mzigo walikuwamo watu watatu, na mmoja wao alikuwa mama mwenye mtoto mgongoni. Hakuna aliyekufa. Mlango mmoja uliharibika, na kabichi nyingi zilikwenda bondeni.

Fundi alipofungua silinda, aliikuta raba ile mpya imevimba na kulainika kama andazi lililotiwa katika chai. Akaikata kwa kucha. Zile raba kuukuu alizozitoa wiki tatu nyuma zilikuwa zimefanya kazi miaka mingi, na bado zilikuwa na nguvu kuliko hii.

Kisha fundi aliniuliza, "Pakiti iko wapi?" Nikamletea. Akasema, "Hebu nisomee." Basi ndipo nilipoisoma kwa mara ya kwanza. Palikuwa na picha, na maneno ya kujisifu. Hapakuwa na jina la kiwanda, wala jina la nchi, wala namba ya spea, wala kipimo cha raba.

Ndugu wanafunzi, mimi nina stashahada ya chuo kikuu, na kazi yangu ni kuwafundisha watu kusoma. Siku ile dukani sikusoma. Nilitazama picha.

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno haya: KIPYA SI LAZIMA KIWE KIZURI. Wanafunzi, yaandikeni katika madaftari yenu. Nitangoja kidogo.

Haya, tuendelee.

MAGARI YALIYOZEEKA NA VIWANDA VILIVYOFUNGWA

Gari la Land Rover lilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza mjini Amsterdam, katika nchi ya Uholanzi, mwezi wa Aprili 1948. Aina ya gari la mjomba, iitwayo Series III, ilitengenezwa tangu mwaka 1971 hadi mwaka 1985. Peugeot 504 ilitoka mwaka 1968. Wazee wenu wanaikumbuka, maana ilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1975, na tena mwaka 1978. Lakini Nigeria na Kenya ziliendelea kuunganisha Peugeot 504 hadi baada ya mwaka 2000. Malori ya Bedford nayo yalijaa katika barabara zetu, lakini kampuni ya General Motors iliacha biashara ya malori makubwa ya Bedford huko Uingereza katika miaka ya 1980.

Basi magari haya hayatengenezwi tena, ila mengine bado yanafanya kazi. Kila mwaka yanahitaji raba, bushi, beringi, plagi na vitu vingine. Nani anavitengeneza vitu hivyo sasa? Hilo ndilo swali letu.

Zamani spea nyingi zilitoka katika kiwanda kilekile kilichotengeneza kipande cha kwanza. Kiwanda hicho kilikuwa na mchoro. Mchoro haukueleza umbo la kitu tu. Ulieleza pia ni chuma gani kitumike, kichomwe moto kiasi gani ili kiwe kigumu, raba ichanganywe na nini, na kitu kijaribiwe namna gani kabla ya kuuzwa. Kiwanda cha gari kilipokea vipande hivyo na kuvipima. Kibaya kilirudishwa.

Kiwanda kikifungwa, michoro hupotea na mitambo huuzwa kama chuma chakavu. Mtu mwingine akitaka kutengeneza spea ile hana mchoro. Ana kipande kimoja tu mkononi. Anakipima, anakiiga. Anaweza kuiga umbo, lakini jicho halioni aina ya chuma, wala halioni raba imechanganywa na nini.

Nitawapa mfano. Mtu akitaka kuiga kipande cha chuma kwa kalibu, hukikandamiza kipande cha zamani katika mchanga, kikaacha alama. Kisha humimina chuma kilichoyeyuka katika alama ile. Lakini chuma kikipoa hunywea. Chuma cha kalibu hunywea karibu sehemu 1 katika 100. Basi kipande cha milimita 100 kitatoka na milimita 99. Mafundi wa viwanda vikubwa wanajua jambo hili, na mfano wao wa mbao huufanya mkubwa zaidi tangu mwanzo. Mwigaji asiyejua hutoa kipande kidogo. Na mwigaji wa pili akiiga kipande cha mwigaji wa kwanza, chake kitakuwa kidogo zaidi. Ndivyo ilivyo nakala ya nakala.

Mitambo ya zamani ikitunzwa, mambo huwa tofauti. Huko Uingereza mwaka 1975 ilianzishwa kampuni iitwayo British Motor Heritage ili kuhifadhi kazi za namna hii. Mwaka 1988 ilianza kutengeneza upya bodi za gari dogo la MGB kwa mitambo ya zamani. Kwa hiyo tusiseme kwamba watu wa leo hawawezi kutengeneza kitu kizuri. Wanaweza, kama wana mchoro, mtambo, na mnunuzi aliye tayari kulipa.

KWA NINI SPEA ZIMESHUKA UBORA

Sababu ya kwanza nimekwisha kuitaja: mchoro umepotea.

Sababu ya pili ni uchache wa wanunuzi. Tufanye hesabu. Tuseme mtengenezaji atumia shilingi 2,000,000 kutengeneza umbo la chuma la kufinyangia raba. Kama atauza raba 100,000, kila raba itabeba shilingi 20 tu za gharama ile. Lakini kama wenye magari wamebaki wachache, naye atauza raba 500 tu, kila raba itabeba shilingi 4,000. Basi atafanya nini? Ama atauza ghali, ama atapunguza kitu. Atanunua raba hafifu, au ataijaza unga wa chokaa ili iongezeke, au hataijaribu kabla ya kuuza.

Sababu ya tatu ni sisi wenyewe. Tukiingia dukani swali letu la kwanza ni, "Bei ya mwisho ngapi?" Hatuulizi imetengenezwa wapi. Mwenye duka naye huagiza kile tunachokitaka, yaani kitu cha bei ndogo. Wahenga walisema, rahisi ghali. Mjomba aliokoa shilingi 19,000, akalipa mlango, rangi na mzigo mzima wa kabichi.

Sababu ya nne ni majina. Jina la kiwanda cha zamani ni mali, nalo huweza kuuzwa kama nyumba. Kiwanda hufungwa, jina likanunuliwa na mwingine, likapigwa chapa juu ya boksi la kitu kinachotengenezwa mahali pengine kabisa. Jambo hilo si wizi. Ni halali. Lakini mnunuzi anadhani ananunua kitu kilekile alichonunua baba yake. Tena wapo wezi wa majina, ambao hutengeneza spea bandia na kuziweka katika boksi lililoigwa. Huo ni uhalifu.

MIFANO MITATU

Mfano wa kwanza ni raba. Raba nzuri nyeusi hutiwa masizi maalum na dawa za kuikinga na jua na hewa. Raba hafifu hupasuka mapema. Tazama kifuniko cha raba kilichopo katika maungio ya usukani, pale mafundi wanapopaita tairodi endi. Kifuniko kikipasuka, grisi hutoka na vumbi huingia. Chuma husagika, na usukani huanza kucheza. Raba ya bei ndogo huweza kuua chuma cha bei kubwa.

Tena raba si moja. Ipo raba inayostahimili mafuta ya injini, na ipo inayostahimili mafuta ya breki. Raba inayofaa kwa mafuta ya injini, ukiitia katika mafuta ya breki huvimba. Na raba ya breki ukiimwagia mafuta ya injini huvimba pia. Kwa macho zote ni nyeusi na zote zinang'aa.

Mfano wa pili ni rota. Injini ya zamani ya petroli ina kifaa kiitwacho distributa, na ndani yake kuna kipande kidogo kinachozunguka, jina lake rota. Kazi yake ni kugawa umeme kwa plagi, kila moja kwa zamu yake. Umeme huo una nguvu ya volti 10,000 na zaidi. Juu ya rota kuna bamba la shaba, na chini ni plastiki inayozuia umeme usipite. Wenye magari ya zamani katika nchi nyingi wamelalamikia rota mpya ambazo plastiki yake haizuii vizuri, au ambazo msumari unaoshika bamba umeingia ndani mno. Umeme hupenya na kupotea katika shafti. Gari huwaka vizuri asubuhi, na likipata moto huzimika njiani. Dereva husema petroli ni chafu, akafungua kabureta bure.

Mfano wa tatu ni kondensa, kopo dogo lililounganishwa na distributa. Ndani yake mna karatasi nyembamba za madini zilizoviringishwa, na katikati yake kuna kitu cha kuzuia umeme. Kondensa ikiviringishwa ovyo, au ikiungwa vibaya, joto la injini huimaliza upesi. Fundi mmoja aliniambia kwamba akifunga kondensa mpya, ile ya zamani haitupi kama bado inafanya kazi. Humpa dereva aiweke katika boksi la vifaa. Alisema, "Mpya simwamini mpaka atembee."

SI KILA KIPYA KIBAYA

Sasa ngojeni. Msitoke hapa mkasema kwamba kila cha zamani ni bora. Huo nao ni ujinga.

Lainingi za breki za zamani zilikuwa na asbesto. Vumbi la asbesto likiingia mapafuni huweza kuleta saratani, na kwa hiyo nchi nyingi zimeipiga marufuku. Petroli ya zamani ilitiwa madini ya risasi, ambayo hudhuru akili za watoto. Nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliacha kuuza petroli hiyo ilipofika mwaka 2006, na mwaka 2021 Algeria ikawa nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa magari. Mambo hayo yalibadilishwa kwa faida yetu.

Tena, ukikuta raba ya mwaka 1975 katika boksi lake la zamani, usiifurahie. Raba huzeeka hata ikilala kabatini. Chuma cha zamani kilichotunzwa na grisi unaweza kukinunua. Raba ya zamani iache.

Na zipo spea za leo ambazo ni nzuri sana. Beringi ni mfano mmoja. Zinatumika katika mashine za kila namna duniani kote, kwa hiyo wanunuzi ni wengi, na viwanda vikubwa havijaacha kuzitengeneza. Shida yetu kubwa ni vile vipande vya gari moja tu, gari ambalo kiwanda chake kimeliacha.

KUSOMA NI KIPIMO

Sasa tufike penye kazi yetu. Mnunuzi anayejua kusoma anaweza kujilinda. Chukueni kalamu.

Kwanza, soma pakiti. Tafuta mambo manne: jina la mtengenezaji, nchi, namba ya spea, na kipimo. Kama yote manne hayapo, rudisha pakiti juu ya meza. Namba ya spea huandikwa katika kitabu cha gari. Iandike nyumbani katika daftari lako kabla ya kwenda dukani, usiitegemee kumbukumbu ya mwuzaji.

Pili, soma beringi. Tuseme beringi ya gololi ina namba 6205. Chukua tarakimu mbili za mwisho, yaani 05. Zidisha kwa 5. Utapata 25. Basi tundu la katikati lina upana wa milimita 25. Ukiona 6208, ni 8 mara 5, yaani milimita 40. Hesabu hii hufaa kuanzia 04 kwenda juu. Ukipima kwa rula na hesabu isikubaliane na namba, ujue kuna mtu anakudanganya.

Tatu, soma tairi. Ubavuni mwa tairi, mwisho wa maandishi yanayoanza na herufi DOT, zimo tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi yenye 1422 ilitengenezwa katika wiki ya 14 ya mwaka 2022. Tairi huweza kuwa na vidole virefu na bado ikawa mzee.

Nne, tazama bolti. Bolti nyingi za milimita zina namba kichwani, kama 8.8 au 10.9. Namba ikiwa kubwa, bolti hustahimili kuvutwa zaidi. Bolti isiyo na alama usiitie katika usukani wala breki. Tena Land Rover za zamani zina bolti nyingi za inchi. Inchi moja ni milimita 25.4. Bolti ya inchi 5/16 ina upana wa karibu milimita 7.9, na bolti ya milimita ina 8. Zinafanana kama mapacha, lakini meno yake hayafanani. Ukilazimisha nati ya moja juu ya nyingine, utaharibu meno, na safarini itafunguka.

Tano, linganisha. Usitupe kipande cha zamani. Nenda nacho dukani. Viweke sawasawa juu ya meza, cha zamani na kipya. Pima urefu, pima upana, vishike mkononi usikie uzito. Chuma kilichofanywa kigumu, ukikisugua kwa tupa, tupa huteleza. Chuma laini tupa hukila. Mwombe fundi akuonyeshe, lakini asisugue mahali penye kazi.

Sita, jaribu raba ya breki kabla ya kuifunga. Ichukue raba mpya, ipime upana, kisha itie katika chupa ya kioo yenye mafuta safi ya breki. Ilale humo usiku kucha. Asubuhi ipime tena. Kama imevimba sana au imelainika, itupe. Jaribio hili halithibitishi kwamba raba ni nzuri. Hukamata ile mbaya sana tu. Na chupa hiyo iwekwe mbali na watoto, maana mafuta ya breki ni sumu.

GAWA SPEA KATIKA MAFUNGU MAWILI

Najua fedha ni chache. Hakuna mtu anayeweza kununua kila kitu cha bei ya juu. Basi gawa spea za gari lako katika mafungu mawili.

Fungu la kwanza ni spea za roho. Hizi ni breki, usukani, magurudumu na matairi. Zikivunjika, mtu hufa. Humo usipunguze hata senti moja. Land Rover nyingi za zamani zina njia moja tu ya mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne. Raba moja ikipasuka, breki zote zimekwenda.

Fungu la pili ni spea za safari, kama rota, kondensa na pampu ya petroli. Zikiharibika, gari husimama, lakini watu huwa wazima. Humo unaweza kujaribu cha bei ndogo, mradi cha zamani kimo katika boksi la vifaa.

Tena kabla ya kununua, uliza kama cha zamani chaweza kutengenezwa. Silinda ya breki iliyolika huweza kupelekwa kwa fundi wa mashine ya kerezo anayeijua kazi hiyo. Huipanua kwa kipimo, akaivika ndani bomba la shaba au chuma kisichopata kutu. Kazi hiyo ikifanywa vizuri, silinda ya zamani hupita nyingi mpya.

Na jambo la mwisho ni umoja. Huko Uingereza wenye magari ya zamani wana vyama. Wanachama huchanga fedha, wakaagiza kiwanda kizuri kitengeneze spea mia kadhaa kwa pamoja. Sisi je, wenye magari kumi ya aina moja katika wilaya, hatuwezi kuagiza pamoja kutoka kwa mtu mwaminifu? Mkumbuke hesabu yetu ya shilingi 2,000,000. Wanunuzi wakiwa wengi, mzigo wa kila mmoja hupungua. Na mkipata spea bandia au ya hatari, msinyamaze. Chukueni risiti na pakiti, mpeleke habari kwa shirika la viwango la nchi yenu.

Ndugu wanafunzi, gari la mjomba bado linashuka mlima ule. Mlangoni pana alama ya mwamba, naye hataki ipakwe rangi. Katika sanduku la mbele kuna daftari la kurasa 48. Kila spea inayofungwa huandikwa humo: tarehe, namba, jina la mtengenezaji, bei, na duka. Ukurasa wa kwanza niliandika mimi. Niliandika ile raba ya shilingi 6,000, na mahali pa jina la mtengenezaji nikaacha wazi, kwa kuwa sikuwa na la kuandika.

Juma hili, kila mmoja wenu atafute kitu kimoja nyumbani chenye maandishi juu yake: tairi, beringi, chupa ya mafuta, au pakiti ya spea. Asome kila neno na kila namba, akaandike katika daftari, alete darasani.

Kwa leo yatosha. Kwaherini.

MANENO YA LEO

Spea: kipande cha kutia mahali pa kilichoharibika.
Mchoro: picha ya kazi inayoonyesha umbo, vipimo na aina ya kitu.
Nakala: kitu kilichoigwa kutoka kwa kingine.
Bandia: kitu cha uongo kilichofanywa kifanane na cha kweli.
Kunywea: kupungua ukubwa.
Kustahimili: kuweza kuvumilia.

MASWALI

1. Kwa nini breki za Land Rover ya mjomba zilishindwa kufanya kazi?
2. Taja mambo manne ya kutafuta juu ya pakiti ya spea.
3. Beringi ya gololi ina namba 6207. Tundu lake lina upana wa milimita ngapi?
4. Tairi ina tarakimu 0821. Ilitengenezwa lini?
5. Mtengenezaji ametumia shilingi 2,000,000 kwa umbo la chuma, naye atauza raba 1,000. Kila raba itabeba shilingi ngapi za gharama hiyo?
6. Kwa nini raba ya mwaka 1975 haifai, hata kama haijatumika?
7. Jadilini darasani: ni spea zipi za baiskeli zilizo "spea za roho"?